Magoti ya Fundi Vigae

Goti la kulia lilinigomea nikiwa ndani ya choo cha mteja, mtaa wa Gongoni, hapa Tabora. Nilikuwa nimebakiza pembe moja tu, ile ya nyuma ya bomba, na nilikuwa nimepiga magoti tangu asubuhi. Nilipotaka kuinuka, mguu haukuinuka. Haukuniuma sana. Ulikataa tu. Nikataka kushika ukuta, nikakumbuka vigae vya ukutani bado vibichi, nikauacha. Nikabaki pale chini, viganja viwili sakafuni, naitazama saruji yangu inavyokauka ndani ya karai.

Mwenye nyumba alikuwa mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa karibu na soko. Alipita koridoni na kikombe cha chai, akasimama mlangoni.

"Fundi, umepoteza kitu?"

"Hapana, mama. Goti limegoma."

Hakucheka. Alikwenda akaleta kiti cha plastiki, akakisukuma mpaka pale palipokauka, nami nikajivuta juu yake kwa mikono. Akaniambia marehemu mume wake naye alianza hivyo hivyo. Sikumuuliza aliishia vipi.

Kazi ya vigae ni kazi ya magoti. Mteja anaona mikono na pima maji, anasifu mistari iliyonyooka, lakini siku nzima kinachobeba ni magoti, na chini yake ni zege. Tangu ujana nimekuwa nikiyafungia vipande vya sponji ya godoro. Nilijua siku moja yatachoka. Hata hivyo pale juu ya kiti sikuiwazia kazi. Niliiwazia gadi yangu.

Nieleze. Zamani nikiwa Dar es Salaam nilipata tenda ya kutandika vigae kwenye mabafu ya ukumbi mmoja wa mazoezi. Mle walikuwa wanafundisha jiujitsu ya Kibrazili. Ni mieleka isiyokuwa na ngumi wala teke. Mnashikana magwanda, mnaangushana, mnaendelea hapo hapo chini mpaka mmoja akabwe au kiungo chake kibanwe, agonge kwa kiganja kuomba aachiwe. Nikimaliza kazi nilikuwa nakaa pembeni natazama. Mwalimu wao, mtu mpole mwenye masikio yaliyovimba na kujikunja kwa kusuguliwa miaka mingi, siku moja akaniambia, "Fundi, vua viatu uingie." Nikaingia, na sikutoka mpaka nilipohama mji.

Kilichonivuta ni gadi. Mgeni akimwona mtu amelala chali na mwenzake yuko juu yake, anadhani wa chini kashindwa. Kwenye jiujitsu sivyo. Wa chini akiwa na miguu yake kati yake na mwenzake, hiyo ndiyo gadi, na wa juu ana kazi ya kuivuka ile miguu kabla hajafanya lolote. Mimi ni mfupi na nilikuwa mwembamba. Kila mtu aliweza kuniangusha, ila wakishaniangusha walikuwa wanajuta. Nilikuwa naingiza nyayo chini ya mapaja yao, napanua magoti, nawapindua upande wowote ninaotaka. Au napandisha miguu shingoni mwao na kuwakaba kwa mapaja. Magoti yangu yalikunjika popote nilipoyatuma. Mwalimu alikuwa ananiita mbele ya wenzangu. "Njoo uwaonyeshe." Maishani mwangu sijaitwa kuwaonyesha watu kitu kingine chochote.

Mama alipopooza nilirudi Tabora, nikaoa, nikaendelea na vigae. Ukumbi wa jiujitsu hapakuwa. Nikamfundisha shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, mfuga nyuki wa kijiji cha Ipole. Kila alipoleta asali mjini alilala kwetu, na jioni tulishikana uani. Tulitandaza pumba za mpunga, juu yake turubai, tukavuta kamba pande zote mpaka likakaza. Ukianguka ulisikia pumba zinapumua. Mke wangu, ambaye ni fundi cherehani, alitushonea magwanda kwa turubai jepesi la pamba, kola akaishona mara tatu isichanike. Alikuwa anatucheka. "Watu wazima mnagaragazana kama mbuzi," anasema, halafu anakaa kwenye kizingiti akichambua mchele na kutazama mpaka mwisho.

Shemeji alikuwa na nguvu za mtu anayepanda miti na kamba na kushusha mizinga. Lakini nilimfunga mara nyingi sana miaka ile ya mwanzo. Nilimzidi ujuzi, na miguu yangu ilikuwa haijaanza visa.

Baada ya siku ile ya Gongoni nilikwenda hospitali. Daktari, binti wa makamo ya mdogo wangu wa mwisho, aliinua picha kwenye mwanga wa dirisha akanionyesha.

"Hapa palitakiwa pawe na nafasi. Gegedu limelika, mfupa unakutana na mfupa. Usipige magoti, usichuchumae, usibebe vizito."

"Mimi ni fundi vigae, daktari."

"Basi utafute shughuli nyingine, baba."

"Na mieleka?"

Alidhani namtania, akacheka, akaandika dawa za maumivu. Nikataka kumwelezea, nikaona foleni iliyo nje ya mlango, nikaaga.

Usichuchumae. Choo chetu nyumbani ni cha kuchuchumaa. Msikitini nilianza kuswali kwenye kiti, safu ya nyuma, pamoja na wazee ambao nilizoea kuwaamkia shikamoo. Wiki ya kwanza mmoja wao alisogeza kiti chake kando anipishe, akidhani natafuta njia ya kupita. Nilikuwa na miaka arobaini na minne.

Vigae sikuviacha, nitaacha vipi? Nilimchukua fundi mwingine apige magoti, mimi nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa nikikata na kupima. Malipo tukagawana. Lakini jioni nilikuwa na jambo langu moja nililolishikilia. Nilijiambia kazi imenila magoti, sawa, lakini gadi hainiachi.

Nikampigia simu mwalimu wangu wa zamani. Nikamweleza yote. Akasema kwa sauti yake ile ya taratibu, "Kwani gadi ni magoti? Gadi ni umbali. Umekosa magoti, tumia nyonga, tumia mikono. Yale ya kupanua magoti sahau. Kufunga vifundo vya miguu mgongoni mwa mtu, sahau. Kukaba kwa mapaja, sahau kabisa, utavunjika."

"Kinabaki nini sasa, mwalimu?"

"Kinabaki kidogo. Kijue vizuri hicho kidogo."

Maneno yale yaliniingia. Shemeji alipokuja na madumu yake ya asali nilimwambia tuanze upya. Tulitafuta kwa miezi, kipande baada ya kipande. Badala ya kulala chali nilijifunza kulala ubavu. Mguu wa kushoto, ule mzima, niliutumia kuunasa mguu mmoja wa mwenzangu. Wa kulia niliuacha umenyooka, unyayo umeegemea nyonga yake, usikunjike, usizunguke, usukume tu. Mkono mmoja kwenye kola, mwingine kwenye mkono wa gwanda lake. Kichwa changu kifuani mwake ili asipate nafasi ya kunikandamiza. Nikishapata vile vishikio nilivuta kidogo, nikasukuma kidogo, naye anaporudisha uzito ndipo nimpindue.

"Hii ni gadi ya mzee," shemeji alisema akihema.

"Mzee baba yako."

"Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo na kurudi kwa miguu. Wewe vigae vya choo vimekumaliza!"

Tulicheka mpaka mke wangu akatoka ndani kuangalia kuna nini.

Na ilifanya kazi. Hilo ndilo nataka lieleweke. Mwanzoni alinivuka kila mara, baadaye akawa anasumbuka, mwishowe nikawa nampindua. Nilimpindua na kumfunga mkono, naye akagonga. Niliinuka pale kwenye turubai kwa kushika ukuta, mguu unawaka moto, nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu Dar. Usiku niliweka barafu gotini, barafu ya kununua kwa jirani kwenye mifuko ya nailoni, nikiwaza niboreshe wapi. Nilijiona nimeupata mlango ambao daktari hakuujua.

Mke wangu siku zile alikuwa mkimya. Nilidhani amechoka na kushona.

Kisha akaja mgeni. Alikuwa mpima wa ardhi kwenye ujenzi wa reli, ametokea Arusha, anakaa kambini nje ya mji. Aliona gwanda langu limeanikwa kwenye kamba akapiga hodi uani kwetu kuuliza ni la nani. Alikuwa kijana wa heshima. Tulipomwambia, macho yalimng'aa. Alidhani kwa huku Magharibi hatampata mtu. Akaahidi kuja na gwanda lake, na Jumapili akaja kweli.

Nikaanza naye mimi. Nilimwambia goti langu la kulia bovu, akasema, "Sawa kaka, nitakuwa mwangalifu." Na alikuwa mwangalifu. Hakuligusa goti hata mara moja. Nilishika kola, nikashika mkono wa gwanda, nikalala ubavu kama nilivyojifunza. Alisimama, akautazama ule mguu wangu ulionyooka, akaushika kifundo kwa vidole viwili, akauweka kando kama mtu anayefungua pazia, akapita. Akakaa kifuani pangu. Wala hakuhema.

"Tuanze tena," nikasema.

Tukaanza tena, akapita palepale. Nikabadili upande, lakini upande ule mguu wa kunasa ni ule mbovu. Akapita. Alikuwa ananivuka huku ananiuliza kama niko sawa. Mwisho nikamwambia, "Cheza na shemeji, mimi nipumzike," nikaenda kukaa kizingitini karibu na mke wangu.

Hapo ndipo nilipomwona shemeji yangu.

Nilikuwa nimemfundisha mimi, kwa hiyo nilidhani namjua. Walishikana, na ndani ya pumzi chache yule mpima alikuwa chini. Shemeji aliivuka gadi yake kwa uzito na kasi ambayo sikuwahi kuiona, bega likitangulia, nyonga ikifuata, pumba zikinguruma chini ya turubai. Yule kijana alijitahidi, akampindua shemeji, shemeji akampindua tena. Waligaragara mpaka ukutani, wakacheka, wakarudi katikati. Shemeji alikuwa na uso mwingine. Uso wa mtu anayecheza. Nikajiuliza mara ya mwisho kuuona uso ule akiwa na mimi ilikuwa lini, na sikukumbuka.

Nikamgeukia mke wangu. Alikuwa ameinamia ungo wake, anachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

Mgeni alipoondoka nilimwita shemeji kwenye banda la jiko.

"Ulikuwa unaniachia."

"Shemeji, si hivyo."

"Niangalie. Ulikuwa unaniachia?"

Alijifuta jasho kwa kola. "Si mara zote."

"Kuanzia lini?"

"Kuanzia goti. Dada aliniambia. Alisema, usimwumize mume wangu, na usimfanye aache. Nikasema nitafanyaje vyote viwili? Akasema utajua mwenyewe."

Nilikwenda ndani. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye cherehani lakini hakuwa anashona.

"Mlinifanya mtoto," nikamwambia.

"Ulikuwa unalala vizuri," akasema. "Siku ukimpindua ulikuwa unakula na unalala. Siku nyingine unakaa unautazama mguu. Ningefanya nini?"

"Ungeniambia ukweli."

"Ukweli daktari alikwambia. Ukauchukua ukaufanyia nini?" Sauti yake ilipanda, na yeye si mtu wa kupandisha sauti. "Ukianguka ukavunjika kabisa, nani atakuinua? Mama yako nilimgeuza mimi kitandani mpaka Mungu alipomchukua. Mgongo wangu haujapona mpaka leo. Umewahi kuniuliza?"

Nilikaa kitandani. Yeye akaanza kushona, mshono mrefu ulionyooka, akafika mwisho akaukata uzi.

Shemeji alikuwa hajarudi Ipole. Asubuhi yake nikamwambia, "Leo tucheze kweli. Nakuomba." Alikataa. Nikamwambia kama ananiheshimu asinidanganye tena. Ndipo akavaa gwanda, taratibu, kama mtu anayevaa kwenda msibani.

Sitaki kuyaongeza. Alinivuka. Nilitumia kila nilichokijenga miezi ile, ule umbali, kola, ubavu, nyonga. Nilikuwa naona kila kosa lake na najua la kulifanyia, lakini la kulifanyia lilihitaji goti likunjike, na halikukunjika. Alinivuka kushoto, akanivuka kulia. Alikuwa ananilalia kifuani kwa uzito wake wote kama nilivyomfundisha mwenyewe, na nilikuwa nausikia moyo wake unavyodunda. Mara ya mwisho hakuinuka mara moja. Nilidhani ananikandamiza, kumbe analia. Machozi yalinidondokea shingoni.

"Basi, shemeji," akasema. "Basi."

"Asante," nikamwambia. Nilimaanisha.

Nilidhani kuujua ukweli kutanipa pa kuanzia. Nikaendelea peke yangu, nikilala ubavu kwenye turubai na kusukuma ukuta kwa mguu, kushoto, kushoto, kwa sababu kila kitu nilikuwa nimekibebesha mguu wa kushoto. Nilipandia ngazi kwa huo, nikainukia kwa huo. Kabla ya masika kwisha, goti la kushoto likaanza kuvimba. Niliujua ule ubishi wake wa asubuhi siku ya kwanza tu. Nililificha kwa muda, kisha nikarudi kwa yule daktari. Safari hii hakucheka. Aliniambia kuna upasuaji wa kuweka goti la bandia, ila kwa umri wangu wangependa kusubiri, na ingenibidi kusafiri. Alivyolisema neno kusubiri nilielewa kwamba hajui tunasubiri nini.

Turubai tulilitoa uani mvua zilipozidi. Pumba zilikuwa zimeoza chini, zikitoa joto na harufu ya pombe, kuku wakashinda wiki nzima wakizichakura. Turubai lenyewe mke wangu anaanika mpunga juu yake. Magwanda yapo sandukuni. Kazi imepungua, yule fundi niliyemchukua apige magoti kwa niaba yangu ameona hanihitaji, amepata wateja wake mwenyewe, na sina la kumlaumu. Mimi na mke wangu tumeelewana, au tumechoka, sijui tofauti yake siku hizi. Usiku mimi namkanda mgongo, yeye ananifunga vitambaa vya maji moto magotini.

Shemeji sasa anafanya mazoezi kule kambini kwa mpima, kwenye mikeka halisi. Wamepata watu kadhaa, madereva na mafundi umeme. Mwezi uliopita alikuja kunichukua. Nilikataa mara mbili, akasema hataondoka bila mimi, nikaenda.

Walinipa kiti mbele kabisa. Nilimtazama akiwafundisha kuingiza nyayo chini ya mapaja ya mtu na kupanua magoti. Alikuwa anafundisha vizuri. Alikuwa anatumia maneno yangu, hata ile namna yangu ya kupiga paja ninapotaka watu waangalie. Mmoja wa wale mafundi umeme, akipumzika karibu yangu, aliniamkia shikamoo.

"Marahaba."

"Mzee, na wewe ulikuwa unacheza?"

"Kidogo."

"Huyu ndiye mwalimu wangu," shemeji akasema kwa sauti kutoka kule mkekani. Wote wakageuka kunitazama, wakaniona mtu amekaa na miguu miwili ameinyoosha mbele yake. Wakapiga makofi kwa adabu. Mpima akaniuliza kama ningependa kuwaonyesha chochote, hata nikiwa nimekaa, hata namna ya kushika kola tu. Nikasema siku nyingine. Nilikuwa nawaza nitainukaje kwenye kile kiti mbele yao.

Nilisubiri mpaka waanze raundi nyingine ndipo nikajiinua kwa mikono, nikapita kando ya ukuta, nikatoka getini. Pale nje palikuwa na bodaboda mmoja amejilaza juu ya pikipiki yake. Nikamwambia anipeleke mjini. Akawasha, akanisubiri. Nilijaribu kuinua mguu wa kulia uvuke kiti, ukafika nusu. Nikajaribu wa kushoto. Yule dereva alikuwa anaangalia mbele, akashuka tu, akainamisha pikipiki upande wangu.

"Kaa upande, baba," akasema. "Wengi wanakaa upande."

Nikakaa upande, miguu pamoja, mkono mmoja begani kwake, akaondoa pikipiki taratibu.